Matuta ya Jozani

Khalati yangu, ambaye aliolewa Jambiani zamani mimi nikiwa mtoto wa chuoni, hakuwa akikoma kuniletea salamu kwa kila msafiri aliyepata kumwona akielekea Pangani, na ndani ya salamu hizo mlikuwamo lawama ya upole kwamba watu wa damu moja wametengwa na mkono wa bahari usiokuwa mpana, nao hawaonani ila katika arusi na matanga. Basi kusi lilipolegea na nazi zilipokwisha kuanguliwa, nilifunga safari ya Unguja kwenda kumwamkia. Nilikwenda kwa ajili ya udugu. Lakini jambo lililoniganda moyoni hata leo ni habari ya barabara, na sababu yake sharti niieleze kwanza, ili msomaji asinione mtu wa ajabu aliyekwenda kisiwa chenye karafuu na bahari nzuri akarudi na maneno ya lami na breki.

Kwetu, katika njia iendayo Pangani, tuliishi dahari na vumbi la kiangazi na matope ya masika, mgonjwa akichukuliwa kwa mashaka na nazi zikiozea shambani kwa kukosa gari la kuzichukua, tukaiombea njia ile lami kama mkulima aombeavyo mvua. Sasa lami inakuja, kipande kwa kipande, na daraja la kuvuka mto Pangani nalo linajengwa, na hapana mtu mwenye akili timamu asiyeshukuru. Walakini njia ile ya vumbi, pamoja na taabu zake zote, ilikuwa na ihsani moja ambayo hatukuitambua: mashimo yake yalimlazimisha kila mwenye gari kwenda mwendo wa mtu mwenye adabu. Kuku walivuka, mbuzi walivuka, mtoto aliyetumwa chumvi alivuka akiimba. Nilipokuwa Unguja nilikuwa na macho ya mtu anayetaka kujua yatakayomfika kesho.

Siku ya kwanza nililala Mjini, na alasiri nikatembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo kuta za mawe zimekaribiana hata watu wawili wenye vikapu hawana budi kupishana kwa ubavu. Humo mtembea kwa miguu ndiye bwana wa njia. Hamali mwenye mkokoteni wa magunia hupaza sauti yake ya simile kabla hajafika kwenye pembe, na kijana mwenye pikipiki, ambaye nje ya mji huenda kama mshale, humo hushusha mguu mmoja chini akajivuta taratibu, akawasalimu wazee walioketi barazani, kwa kuwa hana wasaa wa kufanya lingine. Sikuona askari wala kibao cha kumwamuru. Wembamba wa njia yenyewe ndio uliomtia adabu, na mimi nikalihifadhi jambo hilo kichwani, nikaenda zangu Forodhani kunywa maji ya miwa.

Asubuhi nilipanda gari la shamba liendalo Jambiani, nikakaa kati ya mzee mmoja mwenye kofia ya kiua na bibi aliyepakata kikapu cha ndizi mkono wa tembo. Tulipopita Mwanakwerekwe na kuiacha Tunguu nyuma, tuliingia katika safu ya miembe mikuu ya Bungi, ambayo wenyeji husimulia kwamba ilipandwa kwa amri ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, aliyekuwa na jumba lake karibu na pwani ya hapo. Miembe hiyo imesimama pande mbili za barabara, matawi yake yamekutana juu, na chini yake mna giza la kijani na ubaridi hata wakati wa adhuhuri. Aliyeipanda aliwafikiria watu wa aina gani? Bila shaka aliwafikiria waendao kwa miguu yao, na wapandao punda, na wachukuao mizigo kichwani, ambao kivuli kwao ni nusu ya safari. Maana mtu aliyeketi ndani ya gari hupita chini ya kivuli hicho asipate hata kupumua mara tatu. Njia ile ilifanywa kwa kipimo cha mwili wa binadamu, na sisi leo tunaipita kwa kipimo kingine.

Dereva wetu alikuwa kijana mchangamfu, mwenye heshima kwa wakubwa, na aliendesha kwa ustadi ambao ungestahili sifa kama usingekuwa wa haraka kupindukia. Pembeni mwa lami, mahali ambapo hapana njia ya miguu ila ukingo wa mchanga na majani, walikwenda wanafunzi wa kike wenye mitandio myeupe, wawili wawili, wakizungumza. Alikwenda mtu wa makamo akisukuma baiskeli iliyofungwa mzigo wa majani ya ng'ombe mpana kuliko mlango. Walikwenda wanawake wenye kuni vichwani, ambao hawawezi kugeuza shingo kutazama nyuma. Gari letu liliwapita wote hao kwa umbali wa urefu wa mkono, na upepo wake ukawapeperushia mitandio. Mzee wa kofia akasema, "Taratibu, mwanangu, njia hii ina wenyewe." Kijana akamjibu bila ujeuri, huku macho yake yako mbele, "Mzee wangu, hesabu ya tajiri haingoji. Nikichelewa, mwenzangu atabeba abiria wote wa kurudi." Utingo akacheka, bibi wa ndizi akashika kikapu chake barabara zaidi, na gari likaendelea kama lilivyokuwa.

Kisha tukafika Jozani. Msitu ukatuzunguka ghafla, na kijana yule yule, aliyekuwa na hesabu ya tajiri na mwenziwe wa kumnyang'anya abiria, akaondoa mguu, akashika breki, akalipandisha gari juu ya tuta polepole kama mtu abebaye mtungi wa maji. Tukashuka tuta, tukafika la pili, akafanya vile vile. Mbele yetu kima punju walikuwa wakivuka, mmoja baada ya mwingine, wenye migongo myekundu na nywele nyeupe zilizosimama usoni, mama mmoja akiwa na mtoto amemng'ang'ania tumboni, wala hawakuwa na haraka yo yote. Gari zima likanyamaza kuwatazama. Hata mzee wa kofia, ambaye bila shaka amekwisha kuwaona mara elfu, aliinama dirishani.

Nilirudi Jozani siku mbili baadaye makusudi, nikatembezwa na mlinzi wa msitu mwenye maarifa na maneno laini. Alinionyesha kima wakila majani machanga ya mikungu katika mashamba ya jirani, akanieleza kwamba hula na makaa pia, ambayo huwasaidia tumboni kwa sumu ya majani hayo, na kwamba mnyama huyu mwituni hapatikani po pote ulimwenguni ila katika visiwa hivi. Ndipo nilipomwuliza habari ya matuta, akanisimulia kisa ambacho wataalamu wa wanyama nao wamekiandika. Barabara hii ilipotengenezwa upya katika mwaka 1996, ikawa laini na nzuri, magari yalianza kwenda mbio ndani ya msitu, na kima wakaanza kufa. Wakati ule iliripotiwa kwamba kwa wastani aliuawa kima mmoja kila wiki mbili au tatu. Baada ya matuta kujengwa, ikawa mmoja kwa muda wa wiki sita. Bado wanakufa, na wapendao wanyama hawajaridhika, na wana haki ya kutoridhika. Lakini wale waliosalimika wamesalimika bila kima hata mmoja kufundishwa kutazama kulia na kushoto, na bila dereva hata mmoja kubadilishwa tabia yake ya moyoni.

Husemwa kwetu, na husemwa katika kila matanga ya mtu aliyegongwa, kwamba ajali haina kinga wala kafara. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni nikaliheshimu, kwa kuwa hutolewa kwa nia ya kumtuliza mfiwa, na mfiwa anahitaji kutulizwa. Na mimi, kama Mwislamu, naamini kadari, heri yake na shari yake. Lakini nikiwa nimesimama pale kando ya tuta la pili la Jozani, nikiwatazama madereva wakija mmoja mmoja na kupunguza mwendo, mwema kwa mwovu, mwenye haraka na asiye na haraka, niliona dhahiri kwamba ajali ya aina hii imewekewa kinga, tena kinga ya lami na mawe iliyojengwa na mafundi wa kawaida kwa siku chache. Kuacha kuijenga, na huku tunajua, kisha kumbebesha Mwenyezi Mungu taksiri yetu, hilo silioni kuwa uchaji.

Na uchungu wangu ulizidi kwa hili: mara tu tulipotoka msituni siku ile ya kwenda Jambiani, kijana akakanyaga tena moto, na tulipita mbele ya nyumba, na watoto, na mabibi waliokaa chini ya miti wakichambua mboga, kwa mwendo ambao mbele ya kima asingethubutu. Simwonei kima wivu. Namtakia maisha. Nalitaka tuta lake lizae matuta mengine.

Jambiani nilipokewa kwa shangwe ambayo sitaieleza yote. Khalati alinipikia pweza aliyepigwa vyema mwambani, akapikwa kwa tui zito na ndimu hata nyama yake ikawa laini kama ini, na wali wa nazi, na mkate wa kumimina uliotoboka matundu vizuri; nikamwambia kwamba Pangani tuna pweza lakini hatuna subira ya kumpiga kiasi hicho, akafurahi sana. Kijiji kimejinyosha kando ya bahari. Maji yakitoka, wanawake huingia upwani kushughulikia mwani, kazi iliyoenea pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo imewapa wengi wao fedha ya mkononi mwao wenyewe. Na maji yakijaa, aghalabu huelekea upande wa pili, uwandani, katika vichaka vya mawemawe, kutafuta kuni na kutazama vishamba vya muhogo na mtama. Kati ya bahari na uwanda pana barabara. Kwa hiyo mwanamke wa hapa huikata barabara hiyo kwenda, na huikata kurudi akiwa na mzigo, na watoto wa skuli huikata, na kijiji chenyewe kinaposongwa na mahoteli upande wa maji, nyumba mpya hujengwa ng'ambo ya lami.

Binamu yangu, mtoto wa khalati, anafundisha fizikia katika skuli ya sekondari. Tulipokwisha kula usiku ule, nilimsimulia habari za safari, naye hakusema neno. Aliokota kijiti akachora mchangani, mbele ya baraza, kwa mwanga wa taa. Akasema, "Kaka, gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Sasa mtoto ametokea. Dereva awe macho kabisa, asiwe anazungumza na simu, bado sekunde moja itapita tangu jicho lione hata mguu ukanyage breki. Mita 22 zimekwisha kwenda bure." Akaendelea kuchora. Katika lami kavu na breki nzima, gari hilo litasimama baada ya mita 57 hivi. La kilomita 50 litasimama katika mita 28. Na la kilomita 30 katika mita 13, ambazo ni kama kutoka mlangoni petu hadi kwenye mchungwa. Nikadhani amekwisha, kumbe jambo kubwa lilikuwa bado. "Tuseme mtoto yuko mita 28 mbele. Wa kilomita 50 amesimama, na mtoto ameogopa tu. Wa kilomita 80, mahali pale pale, amekwisha kufika kwa mtoto akiwa bado na kilomita zaidi ya 70. Breki ameikanyaga ndiyo kwanza inaanza kushika."

Nilitazama ule mchoro kwa muda mrefu. Sisi tusio na elimu hiyo hudhani kwamba mwendo ukizidi kidogo hatari nayo huzidi kidogo, ilhali nguvu ya pigo huongezeka kwa mraba wa mwendo, hata gari la kilomita 80 hubeba pigo zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la 50. Shirika la Afya Duniani nalo limeeleza kwamba mtu agongwaye na mbele ya gari, hatari yake ya kufa huzidi mara nne na nusu mwendo upandapo kutoka kilomita 50 hadi 65 tu. Kilomita 15! Ni tofauti ambayo abiria ndani ya gari hata haihisi.

Khalati, ambaye alikuwa akitusikiliza huku akisuka ukili, akasema kwamba hesabu hiyo wanawake wanaijua bila kijiti. Akanisimulia habari ya kijiji kimoja cha jirani, ambako baada ya mtoto kugongwa akitoka madrasa, watu walitoka na misumeno usiku, wakakata mnazi mfu, wakaulaza barabarani. Ulikaa siku kadhaa, ukaondolewa, wakaulaza tena. Hakuna aliyewasifu kwa hilo, na kwa kweli gogo lisilo na rangi wala kibao ni hatari nyingine gizani kwa mwenye pikipiki. Lakini nawauliza walio na mamlaka, watu hao walikuwa wakiomba nini kwa lugha hiyo ya mnazi?

Nisiwadhulumu madereva. Siku ya kuondoka nilikunywa chai na yule kijana wetu pale gari lilipokuwa likingoja abiria, nikamweleza fikira zangu, naye akanijibu kwa insafu. Alisema matuta mengine hujengwa kama ukuta, makali, bila alama, yakavunja springi za gari na kuwarusha wazee waliokaa nyuma, na kwamba tuta lililochorwa vyema, pana, lenye mteremko na rangi nyeupe, lenye kibao cha kuonya kabla yake, hana ugomvi nalo. Kisha akaongeza neno lililonigusa: matuta ya Jozani anayapenda kwa sababu hata mwenziwe anayeshindana naye hupunguza mwendo pale pale, basi hakuna anayempita mwenziwe. Kumbe hata dereva hupata raha pale ambapo haraka imekatazwa kwa wote sawasawa! Askari mmoja akisimama leo na kesho asisimame huwaadhibu wenye bahati mbaya. Tuta halilali wala halipokei kitu mkononi.

Nilirejea kwa njia ya Dar es Salaam, na ndugu yangu wa huko akanipeleka kuona mbele ya skuli moja ya msingi ambapo pamefanywa matuta, na njia ya miguu iliyotengwa, na kivuko chenye alama za pundamilia. Shirika liitwalo Amend limefanya kazi ya namna hiyo katika skuli za jiji hilo na za nchi nyingine za Afrika, likianza kwa kuuliza watoto hupita wapi, na mwaka 2019 lilipewa tuzo ya miji ya WRI Ross kwa ajili yake. Nilikaa hapo mpaka kengele ya kutoka ilipolia. Watoto walimiminika kama kawaida ya watoto, wengine wakikimbia, wengine wakisukumana, kwa kuwa mtoto wa miaka saba hawezi kufanywa mzee kwa hotuba. Na magari yalikuja kwa mwendo wa mguu. Ulimwenguni, katika mwaka 2021, watu milioni 1.19 walikufa barabarani, na karibu robo yao walikuwa waendao kwa miguu. Wajumbe wa mataifa walipokutana Stockholm mwaka 2020 walikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika mara kwa mara, mwendo usizidi kilomita 30. Huku Bara sheria yetu ya mwaka 1973 inatoa kilomita 50 penye makazi. Hata hiyo 50 ingetutosha kwa kuanzia, lau ingefuatwa. Nami sasa siamini kwamba itafuatwa kwa kibao peke yake penye lami iliyonyooka.

Tangu nirudi nimekuwa nikiitembea njia yetu kwa miguu, asubuhi wakati wa skuli na jioni wakati wa sala, pamoja na vijana wawili wa jirani, tukitia alama mahali ambapo watu hukatiza. Nimeandika barua kwa wahandisi wa barabara, kwa adabu yote na shukrani yote wanayostahili, nikaomba kwamba matuta yenye rangi, na vibao, na njia ya miguu pande zote mbili, vifanywe pamoja na lami yenyewe na visingoje mpaka watu wazikwe kwanza. Nilitaja mahali patatu: mbele ya skuli, kwenye kisima, na penye miembe ambapo wanawake huuza samaki. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma barua yangu yote akiwa amesimama, akaongeza mahali pa nne kwa kalamu yake, pale ambapo watoto wa chuo cha Kurani hukatiza baada ya magharibi, gizani, akaandika kwamba hapo pawekwe taa. Ameitisha mkutano Jumamosi baada ya alasiri, na akina mama wameombwa waje na watoto wao, kwa kuwa watoto ndio wajuao hasa wanakatizia wapi.